Kanisa la Mkunazini: Zaidi ya Miaka 150 juu ya Ardhi ya Mnada

Siku ya Krismasi ya mwaka 1873, jiwe la msingi la kanisa liliwekwa Mkunazini, katika Mji Mkongwe wa Unguja. Haikuwa imetimia miezi saba tangu uwanja huo ufungwe kwa amri ya Sultani. Kabla ya hapo ulikuwa uwanja wa mnada, na bidhaa iliyonadiwa ni watu: Wayao, Wanyasa, Wamakua, Wazigua na wengine wa bara, waliovushwa kwa majahazi kutoka Kilwa na bandari nyingine za Mrima. Walipangwa kwa kimo na umri, wakatazamwa meno na viungo, bei ikatajwa.

Jina rasmi la kanisa lililosimama hapo ni Kanisa Kuu la Kristo. Watu wa mji huliita Kanisa la Mkunazini. Wageni hupitishwa humo kila siku, na wengi hutoka na simulizi fupi: Waingereza walikuja, soko likafungwa, kanisa likajengwa, utumwa ukaisha. Simulizi hiyo inawapunja wote waliohusika, na waliouzwa hapo inawapunja zaidi. Soko lilifungwa kwa siku moja. Utumwa wenyewe uliendelea kwa miaka mingi nje ya kuta za kanisa, kengele zikilia na watu wakisali.

Mwanzoni mwa mwaka 1873 serikali ya Uingereza ilimtuma Sir Bartle Frere kumtaka Seyyid Barghash bin Said apige marufuku biashara ya watumwa baharini. Sultani alikataa. Alikuwa na hesabu zake: mwezi Aprili mwaka uliotangulia kimbunga kilikuwa kimeipiga Unguja, kikang'oa mikarafuu na kuzamisha vyombo bandarini, na kufufua mashamba kulitegemea mikono ya watumwa. Frere akaondoka mikono mitupu. Balozi John Kirk ndiye aliyerudi kwa Sultani na tishio la manowari kukizingira kisiwa, na tarehe 5 Juni 1873 Barghash akatia sahihi. Mkataba ulikataza kusafirisha watumwa kwa bahari, ukafunga masoko ya hadhara. Aliyekuwa tayari mtumwa shambani au jikoni Unguja hakuachwa huru na mkataba huo. Jambo hilo naomba msomaji alishike, kwa sababu miaka ya mwanzo ya kanisa hili yote ilipita ndani yake.

Waliolijenga walikuwa watu wa UMCA, misheni ya Kianglikana iliyozaliwa na hotuba ya David Livingstone mbele ya wanachuo wa Cambridge mwezi Desemba 1857. Msafara wao wa kwanza, chini ya Askofu Charles Mackenzie, ulikwenda nyanda za mto Shire, katika Malawi ya leo, mwaka 1861. Homa iliwamaliza. Mackenzie alifariki Januari 1862, na baadhi ya wenzake wakafa nyuma yake. Mrithi wake, William Tozer, aliitazama hali akaamua kuhama: Agosti 1864 alishuka Unguja pamoja na kasisi mmoja mwenye asili ya sheria na lugha, Edward Steere. Uamuzi huo ulilaumiwa sana, na Livingstone mwenyewe alikuwa mmoja wa waliolaumu. Yeye aliitaka misheni iwe bara, kwenye chemchemi ya biashara ile, naye Tozer akaipeleka kwenye mdomo wake.

Muda mfupi baada ya kufika, Sultani Majid alimpa Tozer wavulana watano waliokamatwa katika jahazi la watumwa. Jumuiya ya Kianglikana ya Unguja ilianza na watoto hao watano. Wengine wakaongezeka kidogo kidogo, wakishushwa kutoka manowari za Kiingereza zilizokuwa zikiwinda majahazi. Wavulana walisomeshwa Kiungani, nje kidogo ya mji. Mwaka 1871 misheni ikapata shamba Mbweni, na hapo wakawekwa watu wazima na familia, na shule ya wasichana ikakua. Kwa hiyo soko lilipofungwa, tayari walikuwepo Wakristo wa kuingia katika kanisa litakalojengwa, na karibu wote walikuwa watu waliowahi kuwa na bei.

Sehemu ya uwanja wa mnada ilinunuliwa na kasisi wa misheni, Arthur West, akaitoa kwa kanisa. Sehemu nyingine ilitolewa bure na tajiri wa Kibanyani ambaye kumbukumbu za misheni zinamtaja kwa jina la Jairam Senji. West hakuishi kuona kuta zikipanda. Alifariki mwaka 1874. Baadaye Seyyid Barghash, yule yule aliyelazimishwa kutia sahihi, alitoa saa ya kuwekwa mnarani, na inasimuliwa kwamba aliomba mnara usipite urefu wa jumba lake. Hivyo kanisa la Kristo lina ardhi iliyotolewa na Mhindu na saa iliyotolewa na Sultani wa Kiislamu. Anayetaka kujua Unguja ya wakati ule ilikuwa mji wa namna gani aanzie hapo.

Tuje kwenye jengo lenyewe, kwa maana ndilo linalopitwa haraka kuliko yote. Wageni huteremshwa kwanza kwenye vyumba vya chini, kisha hupelekwa kwenye sanamu, na kanisani huingia wakiwa wamekwisha kuchoka. Wengi hawainui macho kutazama paa. Ni hasara, kwa sababu jambo kubwa la ufundi liko huko juu.

Wakati wa utawala wa Malkia Victoria, kuanzia 1837 hadi 1901, Uingereza ilijenga makanisa kwa maelfu. Wasanifu kama A. W. N. Pugin na William Butterfield waliamini kwamba ujenzi wa Kigothi wa karne za kati ndio ulimi halali wa Ukristo: matao yenye ncha, madirisha ya vioo vya rangi, mnara unaoonekana kutoka mbali. Pamoja na hayo, lile vuguvugu lililoanzia Oxford mwaka 1833 lilitaka madhabahu irudishwe mahali pa heshima, iinuliwe kwa ngazi, izungukwe na mishumaa na mavazi ya ibada. UMCA ilikuwa mtoto wa vuguvugu hilo. Michoro ya Mkunazini, iliyotoka kwa msanifu C. F. Hayward wa London, ina alama zote za ukoo huo. Mpango wake ni wa ukumbi mkubwa wa waumini unaoishia kwenye nusu duara, na madhabahu iko juu, mbele ya macho ya kila aketiye.

Lakini mchoro wa London ulipotua Unguja ulikutana na mambo ambayo London haiyajui. Upana wa chumba cha nyumba ya mawe ya pwani huamuliwa na boriti. Mti wa mkoko unaofaa kubeba dari zito la mawe na chokaa hauwezi kuvuka nafasi kubwa, kwa kawaida chini ya mita tatu kutoka ukuta hadi ukuta. Ndiyo sababu vyumba vya nyumba za Lamu, Mombasa na Unguja ni virefu na vyembamba. Seremala wa mikoko ndiye aliyechora sebule zetu kabla ya msanifu yeyote. Kanisa linataka kinyume chake, yaani nafasi pana ambamo mamia ya watu wataiona madhabahu bila kuchungulia. Uingereza, paa la nafasi kama hiyo lingebebwa na mbao nzito za mwaloni. Unguja mbao hizo zingeagizwa kwa meli, zikapigwa na chumvi ya bahari, kisha zikaliwa na mchwa.

Steere, aliyewekwa wakfu kuwa askofu Agosti 1874 baada ya Tozer kujiuzulu kwa ugonjwa, aliichukua kazi ya ujenzi mikononi mwake. Hakuwa msanifu wala mwashi. Alikuwa mwanasheria aliyegeuka kasisi wa kijijini Lincolnshire, mwenye tabia ya kuuliza kila fundi afanyalo mpaka alielewe. Kuta zikajengwa kwa matumbawe na chokaa, kama zinavyojengwa nyumba za pwani tangu karne nyingi, na waashi walizijua kazi hizo kuliko yeye. Paa ndilo lililokuwa jipya. Badala ya boriti au mbao, Steere aliamua limwagwe zege la kokoto za matumbawe na saruji ya Portland, liwe la mviringo toka ukuta hadi ukuta, kama mtumbwi uliopinduliwa. Wakati huo hata Ulaya paa la zege la namna hiyo lilikuwa jambo la nadra. Inasimuliwa kwamba wapo waliotabiri litaanguka siku jukwaa la mbao litakapoondolewa. Jukwaa likaondolewa, paa likabaki, na lipo mpaka leo.

Nalitazama paa hilo kama mkataba halisi kati ya pande mbili. Umbo lilitoka Ulaya, jiwe lilitoka kwenye mwamba wa matumbawe wa Unguja, saruji ilikuja kwa meli, mikono ilikuwa ya watu wa hapa. Matao ya madirisha yana ncha ya Kigothi, lakini jicho lililozoea misikiti na milango ya Mji Mkongwe halioni ugeni mkubwa: tao lenye ncha lilikuwa pwani hii karne nyingi kabla ya Pugin kuzaliwa. Nje, mnara wa kanisa na mnara wa msikiti jirani huonekana pamoja juu ya mapaa. Hilo nalo linafaa kuandikwa katika historia ya jengo, kwa sababu wakazi wa Mkunazini wameishi na minara yote miwili kwa vizazi.

Ibada ya kwanza ndani ya kuta ilifanyika Krismasi ya 1877, kazi ya ujenzi ikiwa bado inaendelea. Ndani, karibu na mlango wa magharibi, kuna nguzo zilizosimamishwa kichwa chini, vichwa vyake vilivyochongwa vikiwa sakafuni. Wenyeji husema Steere alikuwa safarini mafundi walipoziweka, naye aliporudi akaamua ziachwe hivyo. Mbele ya madhabahu kuna duara la marumaru nyeupe lililozungushiwa nyekundu, panaposemekana palisimama mti ambao watumwa walifungwa na kuchapwa ili mnunuzi aone nani ana nguvu za kuvumilia. Kuna msalaba uliochongwa kwa mti uliokuwa kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo, ambako moyo wa Livingstone ulizikwa mwaka 1873. Kuna dirisha la vioo la kumkumbuka Livingstone, na ukumbusho wa mabaharia wa Kiingereza waliokufa wakiyafukuza majahazi ya watumwa. Kinanda kilitengenezwa na kampuni ya Henry Willis ya London. Nyuma ya madhabahu amelala Steere.

Alifariki tarehe 27 Agosti 1882, na inasimuliwa kwamba alikuwa ametoka tu kuimaliza tafsiri ya kitabu cha Isaya. Kama kanisa lingekuwa limeanguka siku ile lilipoondolewa jukwaa, jina lake bado lingebaki kwa kazi yake ya lugha. Mwaka 1870 alichapisha kitabu cha sarufi na msamiati wa Kiswahili cha Unguja, na mwaka huo huo mkusanyiko wa hadithi alizosimuliwa na watu wa mjini, wengi wao Waislamu, waliomvumilia akiwauliza neno moja mara kumi. Misheni ilikuwa na mtambo wake wa kuchapa, na waliopanga herufi walikuwa wavulana waliotolewa utumwani. Biblia nzima ya Kiunguja ilitoka mwaka 1891. Mkutano wa Mombasa wa 1928 ulipokichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, kazi hizo za kuchapwa zilikuwa sehemu ya sababu: Kiunguja kilikuwa kimekwisha kuwa lugha ya vitabu. Mtoto wa Bukoba au Kisumu anayesoma kwa Kiswahili cha shuleni amepokea kitu kilichopita pia katika mikono ya vijana wale.

Turudi kwenye miaka iliyofuata mkataba. Majahazi hayakuacha kuvuka kwa sababu ya sahihi ya Barghash. Desemba 1881, Kapteni Charles Brownrigg wa manowari iliyoitwa London aliuawa karibu na Pemba katika mapigano na jahazi lililobeba watumwa, zaidi ya miaka minane tangu soko lifungwe. Ilikuwa mwaka 1897 ndipo Sultani Hamoud bin Mohammed alipotoa amri ya kuifuta hadhi ya utumwa kisheria katika Unguja na Pemba, tena kwa fidia kwa mabwana, na mtumwa aliyetaka uhuru alipaswa kwenda kuuomba. Masuria waliachwa nje ya amri hiyo hadi 1909. Kanisa liliwekwa wakfu rasmi mwaka 1903. Maana yake ni kwamba hata siku hiyo, ndani ya mji ule ule, walikuwepo wanawake ambao sheria ilikuwa bado haijawafikia.

Na baada ya utumwa zikaja kazi za kulazimishwa. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Askofu Frank Weston, aliyeshika kiti cha Zanzibar tangu 1908, aliwakusanya wapagazi wa Unguja na kwenda nao bara mwenyewe, akitembea nao, kwa kuwa alijua jinsi wapagazi walivyokuwa wakifa chini ya wakubwa wasiowajali. Mwaka 1920, baada ya serikali ya kikoloni ya Kenya kuwaamuru maafisa wake wawashinikize Waafrika kwenda kufanya kazi katika mashamba ya walowezi, Weston aliandika kijitabu cha kupinga na akakichapisha Uingereza, akiwaita Waafrika hao watwana wa Uingereza. Katika maaskofu wote waliokaa Mkunazini, yeye ndiye nimwonaye kuwa aliuelewa vizuri zaidi uwanja aliokuwa akihubiri juu yake. Alikuwa na ukali wake, na mabishano yake ya kiteolojia yaliwachosha wengi hadi alipofariki mwaka 1924, lakini hapo alisema lililopaswa kusemwa kwa watu wake mwenyewe.

Sasa niseme kuhusu vile vyumba vya chini. Kando ya kanisa kuna nyumba iliyotumika kama hospitali ya misheni na baadaye hosteli, na chini yake mna vyumba viwili vyenye dari la chini sana. Kwa miaka mingi wageni wameambiwa kwamba watumwa walifungiwa humo kusubiri mnada. Wanahistoria wamelihoji jambo hilo, kwa sababu rahisi: nyumba ile ilijengwa na misheni, muda mrefu baada ya soko kufungwa. Soko la Mkunazini lilikuwa uwanja wa wazi. Watu walifungiwa majumbani mwa wafanyabiashara na katika mabanda sehemu nyingine za mji, wakaletwa uwanjani wakati wa mnada. Najua vyumba vile huwaliza watu, na machozi yao ni ya kweli. Hata hivyo, waliouzwa hapa wana haki ya kusimuliwa kwa ukweli, na ushahidi uliopo unatosha bila kuongezewa. Mtu akigundua kesho kwamba alionyeshwa chumba kisichohusika, ataanza kushuku hata uwanja uliohusika.

Nje, ndani ya shimo la mstatili, wamesimama watu watano wa zege wenye minyororo shingoni, kazi ya msanii wa Sweden Clara Sörnäs ya mwaka 1998. Kazi hiyo haidai kuwa mabaki ya zamani. Ni ukumbusho, na inajulikana hivyo. Mji Mkongwe uliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na katika miaka ya 2010 kanisa lilifanyiwa ukarabati mkubwa pamoja na World Monuments Fund, kwa msaada wa fedha za Umoja wa Ulaya. Kituo cha maonyesho ya historia ya utumwa kikafunguliwa kwenye nyumba ile ya hosteli. Ni hatua njema. Sasa mgeni anaweza kusoma maelezo marefu kabla ya kushuka ngazi.

Ushahidi bora kuliko vyumba ni watu. John Swedi, mmoja wa wale wavulana watano wa Majid, alifanywa shemasi mwaka 1879, akiwa wa kwanza miongoni mwa Waafrika wa misheni hiyo. James Chuma, aliyetolewa katika msafara wa watumwa huko Shire mwaka 1861, aliubeba mwili wa Livingstone pamoja na Abdullah Susi na wenzao hadi Bagamoyo, kisha akawa kiongozi wa misafara ya misheni. Alifariki Unguja mwaka 1882, mwaka ule ule wa kifo cha Steere. Susi alibatizwa mwaka 1886 kwa jina la David, akafariki Unguja mwaka 1891. Mwaka 1876 watu walioachwa huru walitembea na Steere kutoka pwani hadi Masasi wakaanzisha kijiji chao, na Ukristo wa kusini mwa Tanzania una mizizi katika safari hiyo.

Kuliko wote, mimi ningetaka zaidi kumsikia Cecil Majaliwa. Alikuwa Myao, aliuzwa akiwa mtoto, akaletwa Unguja, akaokolewa, akasomeshwa Kiungani na baadaye Uingereza. Mwaka 1886 alipelekwa Chitangali, karibu na mto Ruvuma, na mwaka 1890 akawa Mwafrika wa kwanza wa UMCA kufanywa kasisi. Huko aliishi miongoni mwa Wayao wenzake akiwa mchungaji wao bila Mzungu wa kumsimamia siku kwa siku, akampata na chifu wao, Nakaam, aliyebatizwa kwa jina la Barnaba. Kazi ilistawi. Kisha mwaka 1897 alirudishwa Unguja, chini ya macho ya wakubwa, na uhuru ule wa Chitangali hakuupata tena. Misheni iliyofundisha kwamba mtu hawezi kuwa mali ya mtu ilichukua muda mrefu kumwamini kasisi Mwafrika, na Mkunazini ni mahali pazuri pa kulisema hilo waziwazi.

Ukoo wake uliendelea kanisani. John Ramadhani, aliyekuwa Askofu wa Zanzibar na Tanga, na Askofu Mkuu wa Kanisa Anglikana la Tanzania kuanzia 1984 hadi 1998, ni mzao wa Cecil Majaliwa.